Tulipokata Salamu za Kalehe

Mnapanda hadi kwangu mkihema, mnakaa, mnakunywa chai, halafu mnaniuliza swali lile lile: mtu anafanyaje ili awe mwalimu wa isimu ya kompyuta hapa Bukavu? Huwa naanza kujibu, naingia njia za pembeni, chai inaisha, mnashukuru na kuondoka bila jibu. Nimestaafu sasa, muda ninao, basi nimeamua kuandika. Lakini nawatahadharisha mapema. Nimeifanya kazi hii mpaka mvi zikanijaa, na bado kuna siku yake moja ambayo siielewi. Naizungusha kichwani asubuhi nikinyoa ndevu, naizungusha kanisani padri akihubiri. Mke wangu anasema mtu aliyesoma miaka yote hiyo hapaswi kuchanganyikiwa kiasi hiki. Namjibu kwamba asiyesoma angekuwa ameshaisahau.

Kwanza jueni kazi yenyewe ni nini, maana hata ndugu zangu hawajui mpaka leo. Jirani yangu, maman mmoja mwenye heshima zake, aliwahi kuniletea pasi iliyoungua. "Papa Prof, si muko munafundisha mambo ya mashine?" Nilimweleza kwamba mimi naifundisha mashine lugha za watu: isikie mtu anavyosema, iandike maneno yake, iyageuze katika lugha nyingine. Alinisikiliza kwa makini sana, akatikisa kichwa, kisha akauliza: "Na pasi?" Niliifungua ile pasi. Sikuiweza.

Tulianza bila mashine. Darasa langu la kwanza lilikuwa na wanafunzi arobaini na kompyuta moja, na hiyo moja ilikaa ofisini kwa katibu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Nikatengeneza mashine ya watu. Niliwapanga kwenye benchi, kila mmoja nikampa kanuni moja kwenye karatasi. Wa kwanza kazi yake kutenganisha maneno, wa pili kutafuta kitenzi, wa tatu kuuliza nani anatenda, hivyo hivyo hadi mwisho wa benchi. Sentensi ilipita mkono hadi mkono. Sharti lilikuwa moja: ni marufuku kutumia akili, fanya kilichoandikwa kwenye karatasi yako tu. Hapo ndipo walipoteseka! Mara ya kwanza sentensi ilichukua saa nzima kufika, na ilipofika ilisema kwamba mbuzi amemnunua mwalimu.

Kulikuwa na msichana mmoja mwembamba, Nabintu, aliyekaa katikati ya benchi. Yeye alisahihisha makosa ya wenzake kabla ya kupitisha karatasi.

"Nabintu," nilimwambia, "mashine haina huruma."

"Lakini Papa Prof, naona kabisa hii iko mubaya!"

"Ona, lakini pitisha."

Alinitazama kwa macho makali, akapitisha. Darasa likacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Nilijiona mwalimu hodari sana siku ile.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na padri mmoja mzee aliyeandika maneno ya lugha zetu, Kihavu na Mashi, kwenye vikaratasi vigumu na kuvipanga ndani ya masanduku ya sabuni. Nyumba yake yote ilikuwa masanduku. Ukitaka kukaa, ulihamisha herufi K kutoka kwenye kiti. Aliniambia nisitupe kamwe kitu ambacho bado sijakielewa. Kwa vile aliyasema hayo akiwa ameshika birika lisilo na mdomo, nilidhani anazungumzia birika. Mnaona jinsi elimu inavyompita mtu huku yeye ameitikia "ndiyo, mon père".

Kompyuta zilipokuja, masanduku yakaingia ndani yake, na sisi tukaingia barabarani kurekodi watu. Hapa nina mambo machache ya kuwafaa, yaandikeni. Usirekodi chini ya mabati mvua ikinyesha, hata kama mzee ameshaanza kusema maneno matamu. Kinasa sauti kiweke juu ya kitenge kilichokunjwa, siyo juu ya meza tupu, maana meza husikia kila kidole. Jina la faili liwe na jina la msemaji, kijiji na tarehe. Nina faili moja inayoitwa "nzuri kabisa" na sijui mpaka leo ni ya nani. Na kila kitu kiwe na nakala mbili katika nyumba mbili. Nakala zangu za pili nilizitunza kwa dada yangu anayeuza vitenge katika soko la Nyawera, ndani ya kopo la vifungo. Siku moja alimwazima mpwa wetu kile kidude cha kuhifadhia faili, naye akajaza nyimbo za harusi juu ya methali zangu zote. Nilipolalamika, dada aliniambia nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri.

Sasa niingie pale ninapopakwepa.

Nabintu alimaliza masomo, akawa msaidizi wangu, akafanya udaktari wake chini yangu. Kazi tuliyojipa ilikuwa moja. Katika vituo vya afya huko Kalehe mara nyingi muuguzi ametoka mbali, hajui Kihavu, na wazee wengi hawajui vizuri lugha nyingine ya kueleza miili yao. Tulitaka kutengeneza programu ya simu ambayo mgonjwa akisema Kihavu, muuguzi anasoma Kiswahili au Kifaransa. Mimi ni mzaliwa wa Kalehe, Kihavu nimekinyonya. Niliona ni kazi yangu ya mwisho, na ya kunipeleka kaburini nikitabasamu.

Tulienda kwa boti, tukafikia kwa Muzee Birindwa, rafiki wa marehemu baba yangu. Uani kwake ndiko tulikorekodi wazee kwa majuma mengi. Sasa mnajua wazee wetu. Hawaanzi jambo bila salamu, na salamu zao si neno moja na kupeana mkono. Wanauliza nyumba imeamkaje, na ng'ombe, na shamba, na ziwa, na mtoto aliyehamia Bunyakiri, na mvua. Anayejibu hangoji mwenzake amalize. Wanasema wote wawili kwa pamoja, kwa sauti ya chini, robo saa nzima. Mashine ya wakati ule ilichukia sauti mbili kwa pamoja. Kila rekodi ilianza na robo saa ambayo mashine iliiona ni kelele tu.

Nikasema: "Kateni. Kateni kila kitu mpaka hadithi ianze. Ndani ya salamu hakuna habari."

Nabintu hakukubali. Yeye alikulia mjini, Kihavu alijifunza kwa bibi yake. Alisema: "Papa Prof, tuziache kwanza. Tutaona baadaye." Nikamwambia baadaye tutakuwa tumekufa. Tulikuwa na daftari la kazi ambamo kila uamuzi uliandikwa na aliyeandika kuweka sahihi. Aliandika humo maneno mawili matatu, akafunga daftari, akaanza kukata. Alikata kwa miezi mingi, akiwa amevaa visikizi, bila kulalamika tena.

Nilipokaribia kustaafu, kiti changu kikawa swali. Chuo kilisema wazi: apatikane wa kunirithi, ama somo la isimu ya kompyuta lifutwe kwenye programu. Nabintu alikuwa mwombaji pekee. Angefundisha mbele ya jopo, angeonyesha kazi yake ikifanya kazi, kisha jopo lingepiga kura. Akishindwa, yeye anakosa kazi aliyoisomea nusu ya maisha yake, na ninyi mnakosa somo. Mimi nilikaribishwa kukaa mstari wa mbele kama mzee wa somo, bila kura. Kiti changu kilikuwa karibu na meza yake, ningeweza kumshika mkono.

Ukumbi ulijaa. Nabintu alifundisha vizuri mpaka nikaona wivu kidogo. Kisha akamwita Muzee Birindwa, aliyekuja kwa boti na kulala kwangu, akae kama mgonjwa, na yeye akakaa kama muuguzi. Simu iliwekwa katikati yao, maandishi yakitokea ukutani ili wote wasome.

Muzee akasalimia. Akauliza nyumba, akauliza ng'ombe ambao Nabintu hana, akauliza shamba. Nabintu akamwitikia, kwa pamoja, kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa. Ukutani hapakutokea kitu. Mashine ilikuwa imefundishwa kungoja. Salamu zikaisha, Nabintu akamuuliza anaumwa nini.

Ukutani kukatokea: "Mimi ni mzima. Mungu anasaidia."

Watu walipiga makofi. Lakini mjumbe mmoja wa jopo, mwenyeji wa Kalehe kama mimi, hakupiga. Aliinua mkono. "Pardon," akasema. "Muzee ametoka kusema, pale katikati ya salamu, kama kifua haimupatie usingizi hii juma yote, na kama anatema damu kidogo. Mashine inaandika kama iko muzima?"

Mimi nilikuwa nimeyasikia. Niliyasikia yakipita kati ya shamba na mvua, na sikio langu liliyaacha yapite kwa sababu yalikuwa salamu. Na nilikuwa najua! Bibi yangu mwenyewe ugonjwa wake tuliujua hivyo hivyo, kwa kuusikia ukipita katika salamu za jirani. Wazee wetu ukiwauliza miili yao ana kwa ana, wanakujibu kwa adabu kwamba ni wazima. La kweli wameshalisema mapema, kama jambo dogo. Mgeni asiyejua Kihavu asingethubutu kukata kitu asichokijua. Mimi nilikata kwa sababu nilikuwa mwenyeji.

Rais wa jopo, maman mmoja mwalimu wa historia, mkali lakini wa haki, alivua miwani.

"Nani aliamua kukata salamu mu rekodi?"

Nabintu hakunitazama. Alitazama karatasi zake, akanyoosha moja iliyokuwa imekaa upande.

"Ni mimi, madame."

Nami nikanyamaza.

Vijana, hapa ndipo sielewi. Nimejaribu sababu zote. Nimejiambia nilikuwa nangoja amalize. Si kweli, alikuwa amemaliza. Nimejiambia nilitaka kulinda jina la kazi yetu. Si kweli, sikuwa nafikiria kazi wala jina. Nimejiambia niliogopa. Kuogopa nini, mtu aliyebakiza mwezi mmoja aende nyumbani? Mdomo ulikuwa hapa, ulimi ulikuwa hapa. Nilitazama viatu vyangu na nikaona kimoja hakikufungwa vizuri. Niliinama nikakifunga. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya wakati mwanafunzi wangu anabeba kosa langu mbele ya watu.

Asubuhi iliyofuata Muzee Birindwa alikunywa uji kwangu, akikohoa ndani ya leso. Nilikuwa nimeshamwambia twende kwa daktari. Aliweka kikombe chini.

"Ule binti," akasema, "ni yeye njo alisema wakate?"

Nilimwongezea uji.

"Juu mimi nilikuwa pale kwangu. Nilisikia sauti ya mutoto wa rafiki yangu: kateni, kateni. Nikajisemea, hayo ni mambo ya wasomi, mimi nitajua nini?"

"Ni mimi, Muzee."

"Aa," akasema, akachukua kikombe tena. "Basi sikio yangu ingali nzuri."

Tulienda kwa daktari, wakamlaza, na ashukuriwe Mungu alipona baadaye. Nilipomwacha hospitalini nilichukua lile daftari la kazi, nikaenda ofisini kwa rais wa jopo. Njiani nilijisikia mtu mwema. Nilijiona namwokoa Nabintu. Nilikuwa hata nimepanga sentensi.

Maman Rais alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari nilipomwonyesha. Palikuwa na mwandiko wa Nabintu: "Salamu: naomba zibaki. Prof amesema zikatwe." Na sahihi yake. Alisoma mara mbili, akalifunga.

"Professeur, sisi tulipiga kura ile ile siku. Nabintu alipita."

Nilidhani sikusikia. "Alipita? Na ile aibu?"

"Alipita juu ya ile aibu. Mutu mwenye kusema 'ni mimi' mbele ya watu wa auditoire muzima, hapa kwetu tuko nao wangapi? Tulisema huyu tunaweza kumupatia wanafunzi." Akagonga daftari kwa kidole. "Sasa munaniletea hii. Donc, basi alitudanganya."

Nikaona nilichokifanya. Nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema, na nimesema pale ambapo labda nilitakiwa kunyamaza, au sivyo? Niambieni ninyi. Nilianza kueleza kwamba hakudanganya, alikuwa ananistahi, ni heshima ya mtoto kwa mzazi. Maman Rais alinikatiza.

"Juu ya nini haukusema jana?"

"Sijui, madame."

"Mimi pia sijui." Akanirudishia daftari. "Nitamwita nimuulize mwenyewe. Akinidanganya mara ya pili, kiti hana."

Nilingoja siku mbili. Sikumpigia Nabintu simu. Ningemwambia nini, aseme ukweli aniumbue, au aendelee kudanganya apoteze kazi? Siku ya tatu nilishindwa, nikapanda hadi kwake. Alikuwa barazani anachambua maharage, ungo magotini. Aliinuka, akaniletea kiti, akarudi kukaa.

"Wamekuita?" nikamuuliza.

"Jana, Papa."

"Umewaambia ni mimi?"

"Hapana."

Nilishika kichwa. Nikamwambia daftari wameliona, mwandiko wake wameusoma, kwa nini anajiharibia maisha kwa ajili ya mzee mmoja. Nikamwambia sikumwomba anifiche. Nilisema mengi, na machozi yalinitoka, sikuyaficha. Yeye aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage mpaka nilipomaliza.

"Papa," akasema, "mimi sikuwaficha. Munafikiri nilisema vile juu ya kuwalinda ninyi?"

"Sasa kwa nini?"

"Juu ni mimi nilikata. Ninyi mulisema tu. Mimi nilikuwa na visikizi mu masikio. Kila asubuhi nilisikia wale wazee wanasema migongo yao, macho yao, watoto wao wenye walikufa, na nilikata. Nilijua iko mubaya. Niliandika mu daftari moyo utulie, kisha nikakata. Vile njo nilimwambia madame jana."

"Na yeye?"

"Alisema nianze kufundisha ku rentrée, masomo yakifunguliwa. Na nirudishe zile salamu zote mu mashine. Nilizitunza, sikuzitupa."

Nilifurahi, naapa nilifurahi. Lakini nilibaki nimekaa kama mtu aliyebeba mzigo mlima mzima, akaambiwa kileleni kwamba siyo wa nyumba hii. Siku zote zile nilikuwa nikidhani mimi nimo katikati ya jambo hili, kama mkosaji au kama mwokozi. Alipokuwa amesimama ukumbini, Nabintu hakunifikiria hata kidogo. Nilitaka kumuuliza kama amenisamehe, nikaona hata swali halina mahali pa kukaa.

Niliinuka niende. Akanisindikiza hadi kwenye ngazi, ungo ukiwa kiunoni.

"Papa, kosa yangu mimi nilisema mbele ya watu. Yenu mulisema mu ofisi, mulango imefungwa."

Alisema kwa upole, kama anavyoongea na wanafunzi sasa, halafu akarudi kwenye maharage yake.

Basi mliponiuliza mtu anakuwaje mwalimu wa isimu ya kompyuta Bukavu, mkaona nababaika, ni kwa sababu ya ngazi zile. Wala sijui kama kuandika ni sawa na kusimama ukumbini. Nadhani si sawa. Lakini someni kwa sauti, darasani kwake, wote wasikie: mimi ndiye niliyesema kateni, na aliyeulizwa alipojibu, mimi nilikuwa nafunga kiatu.